Songea, Kapenguria au Kigali: kaburi, mahabusu na paa la Bunge

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu wa Historia. Alinipigia simu Jumapili moja, muda mfupi baada ya ibada.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Sikiliza. Nina hela ya safari moja tu, na wajukuu wawili likizo hii. Nataka waione vita na uhuru pale pale vilipotokea, wasiishie kuviona kwenye simu. Niwapeleke wapi?"

Mjukuu mkubwa ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Mdogo ana miaka 9, haulizi maswali ila hugusa kila kitu. Shangazi mwenyewe goti lake la kulia limeshagoma ngazi. Nikamwambia anipe siku mbili nimwandikie, kwa sababu jibu la papo hapo lingekuwa la uongo. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo kwa yeyote mwenye swali kama lake.

Nimebakiza makumbusho matatu: Maji Maji, ya vita dhidi ya Mjerumani, mjini Songea, Kapenguria huko Pokot Magharibi nchini Kenya, na yale yaliyo ndani ya jengo la Bunge la Rwanda, Kigali. Nimeyaacha mengine mazuri. Bustani ya Uhuru kwenye barabara ya Lang'ata, Nairobi, ndipo bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, na ukiwa Nairobi kwa shughuli nyingine pitia. Jengo la Azimio la Arusha nalo ukifika Arusha usiliruke, lakini kule utakuta habari za chama na sera, na vita ni kidogo. Niliyoyachagua yana kitu kimoja cha pamoja, kwamba ardhi au jengo lenyewe ndilo ushahidi. Songea unasimama juu ya waliouawa. Kapenguria unaingia vyumba walimofungiwa. Kigali unaangalia ukuta uliopigwa risasi. Lakini kuna tofauti kubwa kuliko umbali wala kiingilio: Songea inasimulia walioshindwa, Kapenguria waliohukumiwa, Kigali walioshinda. Sauti ya kila mahali imetokana na hilo, na mwalimu wa Historia ataisikia kabla hajamaliza chumba cha kwanza.

Songea

Mji wenyewe umebeba jina la mtu aliyenyongwa humo, Nduna Songea Mbano. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19, ndiyo maana mpaka leo utasikia maneno kama nkosi (chifu) na nduna (kiongozi wa vita chini ya chifu) yakitamkwa Ruvuma kana kwamba Zambezi ni kijito cha jirani. Makumbusho yalianzishwa mwaka 1980 kwa juhudi za mkoa, na baadaye yakawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Ukifika unapokewa na sanamu za manduna, kisha kuna jengo lenye silaha na zana za wakati huo, na nje kuna kaburi.

Kaburi ndilo linalokupeleka Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni. Hesabu inayotajwa pale ni mashujaa 67: sitini na sita wamo katika kaburi la halaiki, na Songea Mbano kazikwa peke yake. Simulizi za wenyeji zinasema Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akakataa kubaki wakati wenzake wamekufa, basi wakamnyonga siku chache baadaye. Zinasema pia kwamba alizikwa bila kichwa, kichwa kikapelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo tarehe 1 Novemba 2023, akakutana na wajukuu wa Songea, akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake na kuahidi kusaidia kukitafuta, huku akionya kwamba hawezi kuahidi kitapatikana. Kwa hiyo unaposimama pale, unasimama mbele ya kaburi ambalo bado lina madai. Makaburi ya namna hiyo si mengi.

Kwa mjukuu wa kidato cha tatu kuna faida nyingine. Shuleni kakariri kwamba Kinjikitile Ngwale aliongoza Maji Maji. Songea atalazimika kupanga upya tarehe kichwani. Vita vilianza Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile, mganga wa Ngarambe aliyegawa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Wangoni walikuwa hawajaingia vitani. Moto ulishavuka Rufiji, Liwale na Mahenge bila yeye, ukaja kuwafikia Septemba, na mapigano hayakuzimika kabisa hadi 1907. Hapo ndipo swali zuri linapozaliwa: kama dawa ilishaonekana haizuii risasi, na mwenye dawa keshakufa, kwa nini Wangoni waliinywa? Mwachie ajibu mwenyewe. Mimi nimelijibu mara tatu kwa namna tatu.

Mwambieni pia kuhusu Mkomanile, kiongozi mwanamke anayehesabiwa miongoni mwa mashujaa hao. Na kuhusu mapadri wa Kibenediktini waliowabatiza baadhi ya wafungwa kabla ya kitanzi, ingawa misheni yao ya Peramiho ilichomwa moto katika vita hivyo hivyo. Peramiho si mbali na mji. Shangazi angeniuliza kama kuna misa, na jibu ni ndiyo, kanisa kubwa la abasia lipo na linastahili safari yake yenyewe.

Sasa kasoro. Makumbusho ni madogo. Mtu aliyezoea skrini na sauti zilizorekodiwa atamaliza jengo la ndani haraka, akatoka nje kutafuta kivuli. Kasoro kubwa zaidi haitokani na uchache wa fedha. Wengi wa waliokufa katika Maji Maji hawakufa kwa risasi wala kamba, walikufa kwa njaa, kwa sababu jeshi la Gavana Götzen lilichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula mpaka watu wakaishiwa nguvu. Makadirio ya vifo yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Mkuki unaweza kuuweka kwenye kabati la kioo, lakini njaa utaiwekaje? Mgeni anatoka akiwa amebeba picha ya mikuki dhidi ya bunduki ya rashasha, wakati silaha iliyoimaliza kusini ilikuwa kiberiti. Usipouliza, huenda usiambiwe. Basi uliza. Uliza na jingine: waliobeba bunduki za Mjerumani walikuwa nani? Wengi walikuwa askari weusi, baadhi kutoka Sudan, baadhi kutoka mikoa mingine ya nchi hii hii. Ukiwa Dar, ile sanamu ya Askari katikati ya mji unaipita kila siku na hukumbuki swali hili, ingawa yeye ni wa vita vya baadaye na jeshi la Mwingereza. Songea hulikwepi.

Kuhusu msimu, kila mwaka kumbukumbu hufanyika Februari na kilele ni tarehe 27. Kuna ngoma, lizombe ikiwemo, kuna wazee wa Kingoni katika mavazi yao, kuna viongozi na hotuba. Kuna na mvua. Mimi ningekwenda wakati huo, kwa sababu makumbusho madogo yanahitaji watu ili yaseme. Kutoka Dar es Salaam kwa basi kupitia Iringa na Makambako ni karibu kilomita 1,000, na kwa goti la shangazi ningesema apande ndege kama hela itaruhusu, maana Songea kuna uwanja.

Kapenguria

Hapa ndipo pa mjukuu wa miaka 9. Sababu ni nyepesi: mtoto anaielewa jela. Humwelezi sera ya ardhi ya walowezi wala Sheria ya Kipande, kile kitambulisho alicholazimishwa Mwafrika kubeba. Unamwingiza chumbani, unamwonyesha dirisha lilivyo dogo, unamwambia mtu aliyekuja kuwa rais alifungiwa katika jengo hili. Inatosha, atabaki ameduwaa.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Kenya, na operesheni ya kuwakamata viongozi ikaanza usiku huo huo. Sita kati yao ndio waliokuja kuitwa Sita wa Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko. Walipelekwa Kapenguria kwa makusudi. Ilikuwa kaskazini ya mbali, eneo lisiloingilika bila kibali, na mawakili wao walilazimika kulala Kitale na kwenda na kurudi kila siku ya kesi. Kesi ilisikilizwa katika chumba cha shule. Upande wa utetezi uliongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, akiwa na mawakili kutoka India, Nigeria na Jamaika. Yule Mjamaika, Dudley Thompson, alikuwa akifanya kazi ya uwakili Tanganyika, kwa hiyo hata sisi tulikuwa na mkono pale.

Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu kwa madai ya kuongoza Mau Mau, kundi lililopigana msituni dhidi ya Mwingereza. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, mwaka 1958 aliapa kwamba alikuwa amedanganya mahakamani, na badala ya kesi kufunguliwa upya akafungwa yeye. Ukiwa na kijana anayetaka kusoma sheria, mpeleke Kapenguria kabla hujampeleka kokote. Hakuna somo la ushahidi linaloingia kichwani haraka kama hilo.

Leo vyumba vya mahabusu vimehifadhiwa, kuna maktaba ya kumbukumbu ya mashujaa, na sehemu ya maisha ya Wapokot yenye vyombo vyao na boma lao. Hii ya mwisho haihusiani na vita moja kwa moja, lakini ndipo mtoto mdogo atapata cha kutazama kwa karibu wakati wakubwa wanasoma. Hewa ni ya baridi, mji hauna haraka, na ngazi si nyingi.

Lakini ajuaye Mau Mau atatoka na njaa. Msitu haupo Kapenguria. Dedan Kimathi hayupo. Yeye alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na hadi leo familia haijaoneshwa kaburi lake. Angalia tarehe za makumbusho yenyewe: yalifunguliwa mwaka 1993, wakati Mau Mau bado ni kundi lililopigwa marufuku na sheria ya Kenya huru. Marufuku hiyo iliondolewa 2003, miaka arobaini baada ya bendera kupandishwa. Basi si ajabu kwamba serikali ilianza kwa kuwakumbuka viongozi sita waliosimama kizimbani na kukana kuhusika, kabla ya kuwakumbuka waliokuwa porini na bunduki za kujitengenezea. Mimi nadhani hilo pengo ndilo funzo bora la Kapenguria, ila halijaandikwa ukutani na mtoto wa miaka 9 hataliona. Wa 16 akidokezwa ataliona.

Kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 400, kupitia Eldoret na Kitale. Kwa mtu wa Dar hiyo ni safari ya siku mbili za barabarani, na ukishafika, makumbusho yenyewe ni ya saa chache tu. Hapo ndipo hesabu inapouma.

Kigali

Tarehe 28 Desemba 1993 wanajeshi 600 wa RPA, jeshi la waasi wa RPF waliokuwa wakipigana na serikali ya Rwanda, waliingia Kigali kwa makubaliano. Mkataba wa Amani ulikuwa umesainiwa Arusha tarehe 4 Agosti mwaka huo, na wao walikuja kuwalinda viongozi wa RPF ambao wangeingia katika serikali ya mpito. Walipewa jengo la Bunge, lililojulikana kama CND. Serikali ya mpito haikukaa. Usiku wa 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, na wale 600 wakajikuta wamezingirwa katikati ya mji wa adui. Walijihami, kisha wakatoka kwenda kuokoa watu, huku vikosi vingine vikishuka kutoka kaskazini kuwafikia. Kigali ilikombolewa 4 Julai 1994.

Makumbusho ya Kampeni Dhidi ya Mauaji ya Kimbari yalifunguliwa Desemba 2017 ndani ya jengo hilo hilo. Kati ya matatu haya, ndiyo yanayoeleza vita vizuri kuliko yote. Namaanisha vita kama kazi: nani alikuwa kilima gani, bunduki ipi iliweza kufika wapi, nani alitumwa kuchukua watu usiku na kuwarudisha. Juu ya paa kuna sanamu ya wapiganaji na bunduki nzito ya rashasha, kumbukumbu ya ile iliyotumika kuzuia mashambulizi, na kuta za nje zimeachwa na matundu ya risasi. Ukisimama mahali pale na kutazama vilima vya Kigali, unaelewa papo hapo kwa nini jengo halikutekwa. Kijana wa miaka 16 atataka kurudi siku ya pili. Shangazi atahesabu ngazi.

Ni makumbusho ya mshindi, na mshindi husimulia bila kigugumizi. Kila mshale kwenye ramani unafika unakokwenda. Silaumu, waliopigana wako hai, wana haki ya kusema walichofanya, na mauaji waliyoyasimamisha yalikuwa ya kweli. Ila sipendi mtu aende pale tu kisha arudi nyumbani. Kigali inataka siku mbili na sehemu mbili. Gisozi, kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari iliyofunguliwa 2004, wamezikwa zaidi ya watu 250,000, na kuingia ni bure. Kuna chumba cha picha za watoto, kila mmoja na alichopenda kula na alichopenda kucheza. Mjukuu wa miaka 9 asiingie humo. Nasema hivyo kwa uthabiti, na kama shangazi atanipinga tutagombana. Wa 16 aingie, lakini asiachwe peke yake, na siku hiyo jioni pasiwe na ratiba nyingine.

Mambo madogo ya Kigali: Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, mji unafanya kazi za pamoja na milango imefungwa. Wiki inayoanzia 7 Aprili ni ya maombolezo, nenda kwa heshima ya msibani au usiende. Bungeni unakaguliwa, kwa hiyo hati ya kusafiria iwe mkononi, si hotelini. Kuhusu lugha, Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini maelezo ya makumbusho utayapata zaidi kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mtaa wa Nyamirambo utaagiza chakula kwa Kiswahili bila shida. Kwenye ziara, kijana ndiye atakuwa mkalimani wa bibi yake, na hilo lina utamu wake.

Nilivyomshauri

Ingekuwa mimi na rafiki zangu watu wazima, ningechagua Kigali, siku mbili, Bunge kwanza na Gisozi baadaye, kwa mpangilio huo. Ukianza na Gisozi hutakuwa na masikio ya kusikiliza mambo ya bunduki. Ingekuwa familia inayoishi Eldoret au Kitale, nisingefikiri mara mbili: Kapenguria, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Wa Dar asiye na nauli hata ya Morogoro aingie Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ataipata historia ya utawala wa Mjerumani huko na jioni atalala kwake.

Kwa shangazi nilisema Songea, na nikasema Februari. Maelezo ni kwa Kiswahili chake, pasipoti haihitajiki kwa watu watatu, ngazi hazimsumbui, na mdogo ana uwanja wa kukimbia. Nikaongeza kwamba kilele cha tarehe 27 kina ngoma na watu, watoto hawatachoka.

Baada ya kusoma alinipigia simu, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama majina ya walionyongwa yameandikwa pale kaburini. Nikamwambia yameandikwa.

"Basi Songea," akasema. "Lakini Februari yako baki nayo. Nitakwenda Juni, pakiwa kimya. Nataka huyu mkubwa anisomee majina yote, moja moja, na nisikie, bila mtu wa kipaza sauti."

Nikamkumbusha Juni Songea ni baridi.

"Nina sweta," akasema, akakata simu.